Afya Kazini Lamu na Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika mishahara: kwanza katika hoteli moja ya Malindi, sasa hapa Amu, mji wa Lamu, kwa matajiri (waajiri) kadhaa wadogo wenye mashua, nyumba za wageni na karakana za useremala. Anayeshika daftari la mishahara huona mengi. Huona nani anaomba karadha ya dawa kila mwezi, nani anakosa kazi kila wiki, na nani alikatwa pesa za bima ambazo hazikufika zilikokusudiwa. Maswali yafuatayo huulizwa na mfanyakazi na tajiri pia, na nimeyajibu nikiwafikiria wote wawili.

Sheria inamtaka mwajiri anitibu, au ni hiari yake?

Ni wajibu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake anapata dawa zinazofaa akiugua, na ikiwezekana aonwe na mganga ugonjwa ukiwa mkubwa. Wajibu huo haumshiki kama ulijiumiza kwa makusudi, kama uliugua ukiwa umetoroka kazi, au kama tayari unatibiwa bure na serikali au kwa bima iliyowekwa na sheria. Hapo pa mwisho ndipo matajiri wengi husimama: "Nimekulipia SHA (bima ya afya ya serikali), nimemaliza." Wana pa kushika, mradi wamelipia kweli.

Jambo moja husahauliwa. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba hakujua unaumwa. Usimpe nafasi hiyo. Piga simu, tuma ujumbe, mtume mtoto wa jirani, lakini habari zifike siku ile ile.

Nakatwa SHA kila mwezi, lakini hospitalini naambiwa michango yangu haionekani. Imekuwaje?

Makato haya yalianza tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko uliokuwapo tangu 1966. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na hakuna anayekatwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa 20,000 hukatwa 550. Mwenye 10,000 hesabu yake ni 275, kwa hiyo hukatwa 300. Tajiri haongezi chake. Kazi yake ni kukata na kufikisha, na mwisho ni tarehe 9 ya kila mwezi.

Pesa hiyo ikishakatwa si mali yake tena. Nalisema hili kwa uchungu. Enzi za NHIF, hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilipata msimu mbaya wa kusi, wageni hakuna, na mwenyewe akaamua kununulia dizeli ya jenereta kwa makato yetu, akisema angerudisha Desemba. Mwezi wa Agosti mke wa mtunza bustani akajifungua kwa upasuaji. Hospitalini wakatazama kwenye kompyuta: michango imesimama miezi minne. Ikabidi tuchange jikoni, kwa madobi na mapokezi, mpaka bili ikamalizika. Na aliyeandika kwenye hati zao za mshahara kwamba wamekatwa na kulipiwa alikuwa mimi. Tangu hapo sitoi hati ya mshahara kabla ya kuona risiti ya malipo ya mwezi uliotangulia, na tajiri asiyenionyesha risiti hatufanyi kazi pamoja.

Wewe nawe usingoje siku ya homa. Bonyeza *147# kwenye simu yako uhakikishe umesajiliwa, na uwasajili mke au mume na watoto, maana mwajiri hawezi kukufanyia hilo akijua jina lako tu. Kumbuka pia kwamba matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi: hapo kinachotakiwa ni kusajiliwa. Michango ya mshahara ndiyo inayoangaliwa ukipelekwa hospitali kubwa, kama ile ya Malindi au King Fahd hapa Amu.

Mimi ni kibarua, nalipwa jioni kwa jioni. Haya yananihusu?

Yanakuhusu zaidi ya unavyoambiwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani hapa Amu haikarabatiwi kwa wiki mbili. Mwashi aliyepanda jukwaa baada ya Idi na bado yuko juu msimu wa kaskazi unapoingia, huyo si kibarua hata kama daftari linamwita hivyo.

Andika siku zako. Kalenda ya ukutani na kalamu vinatosha.

Nikiugua, mshahara unaendelea?

Ukishatimiza miezi miwili mfululizo kazini, una haki ya siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi kumi na miwili. Hicho ndicho kiwango cha chini, mkataba wako unaweza kutoa zaidi. Unatakiwa ulete cheti kilichotiwa saini na daktari anayetambuliwa. Siku hizi hazitolewi ndani ya likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi. Nimeona mara nyingi zikichanganywa, na mtu aliyelala wiki nzima kwa homa akaambiwa "umeshakula likizo".

Nimeumia kazini. Nani anipeleke hospitali, na nani alipe?

Mwajiri, katika yote mawili. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka awakatie wafanyakazi bima ya ajali, agharamie matibabu ya jeraha, na afanye mipango ya kumsafirisha aliyeumia mpaka hospitali na kumrudisha nyumbani.

Neno hilo "kumsafirisha" lina uzito wake huku kwetu. Malindi utaita tuktuk au teksi. Lamu utavuka maji. Ukiwa na mafundi kwenye machimbo ya mawe ya Maweni, kisiwani Manda, au wafanyakazi kwenye nyumba ya wageni upande wa Pate, huna budi kujua mapema boti ni ya nani, nahodha ni nani, mafuta yako wapi, na maji yanapwa saa ngapi. Mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakipwa. Chombo chenye mgonjwa kinaweza kukwama juu ya mchanga hadi maji yajae tena. Namba ya simu ya nahodha wa pili iandikwe ukutani, kwa sababu wa kwanza atakuwa amevua mbali siku utakayomhitaji. Na kwenye vichochoro vya mji, ambamo gari haliingii, machela iwepo. Nimeshuhudia mtu aliyevunjika mguu akibebwa kwa mlango uliong'olewa.

Hospitalini, usikubali kurudishwa mlangoni kwa kukosa pesa ikiwa hali ni ya dharura. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mambo ya karatasi: mjulishe msimamizi siku ile ile, na mwajiri naye apeleke taarifa kwa maafisa wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Kifo kitolewe habari ndani ya saa 24. Ulemavu wa kudumu au kifo una fidia inayofikia mshahara wa miezi 96, lakini madai yaletwe ndani ya miezi kumi na miwili. Wengi huja kwangu mwaka wa tatu, mkono umeshakauka, na hakuna karatasi hata moja.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita. Bima ya binafsi siimudu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye maji. Sheria ya Ajira inakutaka utoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na ni jambo rahisi kuliko yote. Lakini zunguka mchana wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na jua limeshuka karibu: mpakaji chokaa yuko juu ya dari la nyumba Shela, hamali anapanda ngazi za gati na gunia la simenti, mkwangua chumvi wa Gongoni yuko katikati ya weupe unaomchoma macho. Uliza maji yako wapi. Mara nyingi ni jerikeni moja iliyoachwa juani, kikombe kimoja, watu kumi na watano.

Weka mtungi kivulini, kila mtu na kikombe chake, na sema wazi kwamba kwenda kunywa si uvivu. Mkojo ukiwa mzito wa rangi ya chai, mwili unalia maji. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ngozi inawaka na anayumba, huyo si wa kungojwa: mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na safari ya hospitali ianze papo hapo. Kazi nzito ipangwe alfajiri na alasiri. Wazee wetu wa majahazi walijua hivyo bila kufundishwa na mtu.

La pili ni presha. Kwa ninavyoona mimi, hakuna ugonjwa unaowapokonya matajiri wa huku watu wao wazuri kwa ghafla kama huu. Mpishi wa miaka arobaini na mitano, mzima, anacheka, asubuhi moja anaanguka na upande mmoja umekufa. Presha haina maumivu ya kukutahadharisha. Kipimo kikirudia kusoma namba ya juu 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, mtu aende kituo cha afya. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja nchi nzima, mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mtafute wa mtaa wako, mwombe aje mara moja kwa miezi mitatu, mkaribishe chai. Gharama yake ni saa moja ya kazi.

La tatu, kisanduku cha huduma ya kwanza chenye vitu ndani. Nasisitiza vitu ndani, kwa sababu nimefungua visanduku vyenye misumari na kadi za simu za zamani.

Ukifikisha wafanyakazi 20, sheria ya usalama na afya kazini inakutaka pia uwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wao. Usiwachagulie wewe.

Chakula cha wafanyakazi kina umuhimu gani? Si wanashiba?

Wanashiba. Shida ni kile wanachoshiba. Jiko la wageni linatoa samaki wa kuchoma na saladi, na dirisha la nyuma linatoa ugali, maharagwe yaliyozidi chumvi na chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari. Saa nne mtu ananunua viazi karai na mahamri kwa sababu njaa imerudi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na baadhi ya michuzi ninayoijua inazimaliza gramu hizo kwa sahani moja.

Sishauri chakula cha kizungu. Mbaazi, kunde, mchicha, mkate wa mofa wa mtama, dagaa, samaki wa bei nafuu anayeletwa asubuhi ufukweni: haya ni yetu na ni mazuri. Punguza mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mpaka yakawa meusi. Ndoo ya matunda ya msimu, maembe au mapapai, iwekwe palipo na chai. Sukari isitiwe birikani, kila mtu ajitilie mwenyewe. Kwa njia hiyo peke yake karakana moja hapa Langoni imepunguza nusu ya sukari iliyokuwa ikinunuliwa, na daftari lake ninalo mimi.

Mwezi wa Ramadhani tufanyeje?

Sogezeni saa. Kazi ya jua kali ianze mara baada ya alfajiri na imalizike mapema, na mwenye kupika futari nyumbani aachwe aondoke mapema. Anayetumia dawa za sukari au presha azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, asijipangie vipimo mwenyewe. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, Qurani imesema hivyo, na tajiri Mwislamu anapomkumbusha mfanyakazi wake jambo hili kwa upole, hufika mbali kuliko mahubiri ya daktari.

Glavu, gambuti na miwani ninunue mwenyewe?

La. Vifaa vya kukukinga na hatari ya kazi ni juu ya mwajiri. Mkwangua chumvi anahitaji gambuti zisizovuja, kwa maana chumvi ikiingia kwenye nyufa za miguu vidonda havifungi, na miwani ya giza kwa ajili ya mwanga. Seremala anahitaji barakoa ya vumbi. Baharia anahitaji jaketi la kujiokoa, na asicheke mtu akilivaa.

Kwa watunza mabwawa ya kuogelea nina ombi la pekee: klorini na asidi visimwagwe pamoja kamwe, hata kwenye ndoo ya kusuuzia. Hewa inayotoka hapo huunguza mapafu. Viwekwe mbalimbali, chupa ziwe na maandishi ya lugha anayoisoma anayezishika.

Mbu ni jambo la mwajiri?

Ndiyo, ikiwa anazaliwa kwako. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya mbu inayouma viungo, iliingia Amu, na utafiti wa damu ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa. Ulikuwa wakati wa ukame, watu walikuwa wameweka maji kwenye mapipa na mitungi majumbani, na mbu huyu wa mchana huzaliana humo humo. Funika birika na mapipa, geuza ndoo, mwaga maji ya vyungu vya maua ya wageni. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kila Ijumaa asubuhi, kwa jina.

Tajiri anaweza kunilazimisha nipime HIV kabla ya kuniajiri?

Hawezi. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti HIV na UKIMWI inakataza, na Sheria ya Ajira inakataza kumbagua mtu kwa hali yake. Msichanganye na cheti cha afya cha wapishi na wahudumu wa chakula, ambacho hutolewa na idara ya afya ya umma na huhuishwa kila miezi sita. Hicho ni cha lazima, na shabaha yake ni maradhi yanayopita kwenye chakula, kama homa ya matumbo.

Na habari za ugonjwa wangu, zitangazwe?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Cheti chako kikae kwenye faili, na faili lifungwe. Mji ni mdogo, maneno huvuka kutoka baraza moja hadi jingine kabla ya magharibi.

Nimerudi kutoka uzazi na mtoto bado ananyonya. Nina haki gani?

Mbali na miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa mapumziko ya kunyonyesha au kukamua maziwa, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Pia inataka pawepo mahali pa faragha, na pasiwe chooni. Hoteli ina vyumba. Chumba kimoja kidogo chenye kiti, pazia na sinki hakishindikani.

Nina mfanyakazi mzuri aliyeingia kwenye unga. Nimfukuze?

Swali hili huniumiza, kwani vijana niliosoma nao chuoni wamekwisha hivyo. Mpe nafasi ya matibabu kwanza. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini (ndiyo huo unga), na dawa hiyo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hapa ndipo mwajiri anapoweza kumwokoa au kumpoteza: ukimpanga zamu inayoanza kabla kliniki haijafungua, atakosa dawa, na akikosa dawa atarudi alikotoka. Mpange baadaye. Asipande jukwaa wala asishike usukani wa boti siku za mwanzo, mpe kazi ya chini kwa chini, na mshahara wake usikatwe kwa saa ya kliniki.

Kuhusu muguka na miraa, mtu asiyelala usiku kucha ni hatari kwa mashine na kwa wenzake asubuhi. Ongeeni mapema, kanuni iwe moja kwa wote, bosi mwenyewe akiwemo. Sigara, sheria ya tumbaku ya 2007 imekwisha kuiondoa ndani ya mahali pa kazi.

Nimepatikana na kisukari. Naweza kuachishwa kazi?

Si kwa sababu ya jina la ugonjwa. Hata pale ambapo mwajiri anadai huwezi tena kazi kiafya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, na akusikilize kabla ya kuamua. Wengi wenye kisukari hufanya kazi miaka mingi, wakipata muda wa kula kwa wakati na mahali pa baridi pa kuwekea insulini. Friji ya jikoni inatosha.

Nimeongea na tajiri, hasikii. Niende wapi?

Ofisi ya kazi ndiyo ya kwanza, au chama chako cha wafanyakazi. Ya ajali na mazingira hatari, maafisa wa usalama na afya kazini. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Malindi pia, na madai ya mkataba wa kazi hayapokelewi miaka mitatu ikishapita.

Njoo na mkataba ikiwa unao, hati za mshahara, jumbe za M-Pesa za malipo, cheti cha daktari, ile kalenda ya ukutani, na jina la mwenzako aliyeona. Usipokuwa na mkataba wa maandishi, njoo hivyo hivyo: sheria ilimtaka mwajiri auandike yeye, na kukosekana kwake hakukuondolei haki.